SOMO LA MAKATIBU: KUUNGANISHA MADAFTARI NDANI YA KOMPYUTA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Vyama vyetu vimelitii neno hilo tangu vilipoanzishwa: kuna daftari la wanachama, kuna vitabu vya stakabadhi za mazao, na kuna daftari la mikopo ya pembejeo. Siku hizi madaftari hayo yanahamia katika kompyuta, na hapo imezuka hatari ambayo wahenga hawakuitaja. Mali yaweza kupotea huku madaftari yapo, tena kila moja limeandikwa bila kosa. Hupotea pale madaftari mawili yaliyo sahihi yanapounganishwa isivyo sahihi. Somo hili lahusu kuunganisha huko.

Tutatumia mfano wa Drupal, mfumo wa kusimamia maudhui ya tovuti ulioanzishwa na Mbelgiji Dries Buytaert na kutolewa kwa umma mwaka 2001. Ndani yake mna chombo kiitwacho Views, ambacho kimekuwa sehemu ya mfumo wenyewe tangu Drupal 8 ilipotoka mwezi Novemba 2015. Kwa Views, mtu asiyejua lugha ya SQL aweza kuiuliza hifadhidata maswali kwa kuchagua tu katika skrini; chombo chenyewe huyageuza machaguo hayo kuwa sentensi za SQL. Ni msaada mkubwa. Lakini mtumishi huyu hufanya kama alivyoagizwa, wala hamwambii bwana wake kwamba agizo lilikuwa baya.

1. Kwa nini madaftari hutengwa

Mwezi Juni 1970 Mwingereza Edgar F. Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alichapisha makala iliyoeleza kwamba taarifa zipangwe katika majedwali yaliyotengana, na majedwali hayo yahusishwe kwa thamani zilizomo ndani yake. Katibu yeyote aliyezoea kazi atatambua hekima hiyo. Hatuandiki kijiji, umri na hisa za mwanachama katika kila stakabadhi ya mazao. Tunaandika namba yake tu. Habari nyingine zimo katika daftari la wanachama. Akihama kijiji, tunasahihisha mahali pamoja.

Kuunganisha, basi, ni kufanya kile ambacho katibu hufanya kwa macho yake: kusoma namba iliyo katika stakabadhi, kufungua daftari la wanachama, na kumtafuta mwenye namba hiyo.

2. Namba ya kuunganishia

Kamwe tusiunganishe kwa majina. Katika kijiji kimoja mwaweza kuwamo akina Saidi Ali watatu, na mmoja wao akaandikwa Saidi leo na Said kesho. Kompyuta itawaona watatu kuwa mtu mmoja, na mmoja kuwa watu wawili.

Hata namba ina mitego yake. Mwanachama namba 014 yumo katika kila chama cha msingi. Kwa hiyo katika hifadhidata ya chama kikuu namba hiyo haitoshi mpaka iambatane na alama ya chama chake. Tena 014 iliyoandikwa kama maneno si sawa na 14 iliyoandikwa kama hesabu, na aghalabu sifuri ya mbele hupotea orodha inapopitia katika programu ya majedwali ya hesabu.

Drupal huipa kila rekodi namba yake ya ndani isiyorudiwa, na uga wa marejeo huhifadhi namba hiyo. Lakini karani hachagui kwa namba ya ndani: anaanza kuandika, na mfumo humwonyesha vichwa vya rekodi zinazofanana. Kwa hiyo kichwa cha rekodi ya mwanachama kiwe na alama ya chama, namba na jina, ili asimchague jirani. Uga huo uwekwe kuwa wa lazima, nao upokee mwanachama mmoja tu.

3. Hatua za kuunganisha

Kwanza, amua kila mstari wa orodha utahesabu nini: mwanachama au stakabadhi? Views itakutaka uchague jedwali la msingi mwanzoni, na ukishachagua huwezi kulibadilisha. Utalazimika kuanza orodha nyingine.

Pili, ongeza uhusiano. Uhusiano una njia mbili. Ukianzia katika stakabadhi kwenda kwa mwanachama, kila stakabadhi hukuta mwenyewe mmoja, na idadi ya mistari haibadiliki. Ukianzia kwa mwanachama kwenda katika stakabadhi, mwanachama mmoja hutokea mara nyingi kadiri ya stakabadhi zake. Njia zote mbili ni halali, ila majibu yake si mamoja.

Tatu, kila safu unayoiongeza iambie inatoka upande gani wa uhusiano. Mwanachama ana kichwa, na stakabadhi ina kichwa. Usipotaja upande, Views huchukua kichwa cha jedwali la msingi, nawe utaona namba ya stakabadhi mahali ulipotarajia jina.

4. Ni nani anayeachwa nje?

Tuchukue mfano mdogo wa wanachama watatu. Mwanachama 011 ana stakabadhi moja ya kilo 150 za korosho, wala hana mkopo. Mwanachama 014 ana stakabadhi tatu, za kilo 120, 80 na 100, na mikopo miwili, ya shilingi 40,000 na 25,000. Mwanachama 019 hakuleta mazao, lakini ana mkopo wa shilingi 30,000.

Katika Views, kila uhusiano una kisanduku cha kuulazimisha. Ukianzia kwa wanachama na kukitia alama kisanduku hicho, watatokea wale tu wenye stakabadhi: mistari minne, nayo 019 hayumo. Ukikiacha wazi, mistari itakuwa mitano, na 019 ataonekana akiwa na nafasi tupu mahali pa kilo. Tazama ni nani aliyefutika: ni yule hasa ambaye mkutano unapaswa kumwuliza, kwa kuwa amekopa na hakuleta kitu.

Kuna mlango mwingine wa kumpoteza. Kisanduku kikiwa wazi, ukaongeza kichujio kwamba stakabadhi iwe ya msimu huu, 019 ataondoka tena, kwa sababu nafasi tupu haina msimu. Ukiruhusu "msimu huu au pasipo stakabadhi", 019 atarudi, lakini atakosekana yule mwenye stakabadhi za msimu uliopita pekee. Dawa ya hakika ni kuchapa orodha kamili ya wanachama peke yake na kulinganisha idadi.

5. Mistari inayozaana

Hapa ndipo fedha hupotea. Tuseme katibu anataka orodha moja ya malipo yenye kilo na mikopo pamoja. Anaanzia kwa wanachama, anaongeza uhusiano wa stakabadhi, kisha uhusiano wa mikopo, akiacha visanduku vyote wazi. Kompyuta hukutanisha kila stakabadhi ya mwanachama na kila mkopo wake. Kwa 014, stakabadhi tatu mara mikopo miwili ni mistari sita. Akiiagiza kompyuta ijumlishe, kilo 300 zitakuwa 600, kwa maana kila stakabadhi imehesabiwa mara mbili; na deni la shilingi 65,000 litakuwa 195,000, kwa maana kila mkopo umehesabiwa mara tatu.

Tukichukua bei ya mfano ya shilingi 2,000 kwa kilo, malipo halali ya 014 ni shilingi 600,000, kutoa 65,000, yaani 535,000. Orodha mbaya itasema 1,200,000 kutoa 195,000, yaani 1,005,000. Chama kitakuwa kimetoa shilingi 470,000 zisizo na mazao nyuma yake. Na fedha hizo ni za nani? Ni za wanachama wenzake. Wala hakuna daftari lililoghushiwa. Mkaguzi akifungua vitabu vyote viwili atavikuta safi.

Wengine hukimbilia kisanduku cha kuondoa mistari inayorudiwa. Hakisaidii hapa. Mistari ile sita hairudiani, kwa kuwa kila mmoja una jozi yake ya stakabadhi na mkopo.

Dawa ni kutokutanisha makundi mawili ya wengi katika orodha moja. Fanya orodha ya kwanza inayoanzia katika stakabadhi kwenda kwa mwanachama, ujumlishe kilo kwa kila mwanachama. Fanya ya pili inayoanzia katika mikopo, ujumlishe deni. Kisha zilinganishe jumla hizo kwa namba ya mwanachama.

Na kabla ya kulipa, fanya jaribio hili: jumla ya kilo katika orodha iliyounganishwa lazima iwe sawa na jumla ya kilo katika stakabadhi peke yake. Katika mfano wetu stakabadhi zasema 450. Orodha mbaya ingesema 750. Jaribio hili huchukua dakika chache, nalo hugundua kosa kabla fedha hazijatoka kasikini.

6. Ni nani aione orodha?

Orodha iliyounganishwa husema mengi kuliko daftari moja: jina, mavuno na deni vimekaa mstari mmoja. Katika Views, orodha mpya ya maudhui kwa kawaida huwekwa wazi kwa kila mwenye ruhusa ya kusoma maudhui yaliyochapishwa, na katika tovuti nyingi ruhusa hiyo anayo hata mpita njia. Weka ruhusa ya watumishi wanaohusika pekee. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inavihusu pia vyama vyetu.

Wanachama nao wasidhani kwamba mambo haya ni ya makatibu peke yao. Karatasi iliyotoka katika mashine haina heshima zaidi ya stakabadhi iliyo mfukoni mwa mkulima. Kila mmoja alete stakabadhi zake siku ya malipo na kuzilinganisha na mstari wake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika chama chenu, ni alama gani inayomtofautisha mwanachama na mwenye namba kama yake katika chama kingine?
2. Mwanachama ana stakabadhi nne na mikopo mitatu. Orodha iliyounganisha vyote itakuwa na mistari mingapi kwake? Deni lake litahesabiwa mara ngapi?
3. Mkutano unataka majina ya wote waliokopa pembejeo bila kuleta mazao msimu huu. Mtaanzia katika jedwali lipi, na mtahakikishaje kwamba hakuna aliyeachwa?
4. Ni nani katika kamati yenu atakayelinganisha jumla kabla ya kila malipo, na atatia sahihi wapi?