Leseni ya Lori na Tela

Mtu aendeshaye lori hakuchukua mzigo wake tu, bali amechukua na roho za watu walio njiani. Kwa hiyo kujua kuendesha motokaa hakumtoshi. Na tutazame sheria ya Uingereza.

Tangu mwaka 1904 kila dereva huko hana budi kuwa na leseni. Lakini zamani zile hakutahiniwa mtu. Aliyelipa ada alipewa. Mwaka 1935 ndipo madereva wapya walipolazimishwa kufanya mtihani.

Siku hizi leseni zimegawanywa kwa uzito. Leseni ya motokaa, yenye herufi B, kwa kawaida ni ya gari lisilozidi kilo 3,500 pamoja na mzigo wake. Herufi C1 ni ya lori lisilozidi kilo 7,500, na herufi C ni ya malori yaliyo mazito zaidi. Malori hayo yaweza kufungwa tela isiyozidi kilo 750. Dereva akitaka kuvuta tela kubwa kuliko hiyo, sharti apate na herufi E.

Kwanza daktari humpima macho na mwili, kwani dereva akizimia ghafula, nani atalisimamisha lori? Kisha hujibu maswali ya sheria za njia, na mwisho huendesha mbele ya mtahini. Afikapo umri wa miaka 45, hupimwa tena kila miaka 5. Afikapo 65, kila mwaka.

Mbona taabu zote hizi? Lori kubwa na tela yake laweza kufika kilo 44,000, yaani zaidi ya motokaa 29 zenye kilo 1,500 kila moja. Kitu kizito kama hicho kikiisha kushika mwendo, hakisimami upesi. Tena katika kona magurudumu ya tela hupita ndani kuliko yale ya mbele, na aliyesimama pembeni aweza kukanyagwa. Na breki zikifungwa ghafula penye utelezi, tela huweza kugeuka ubavu na kuziba njia nzima.

Basi, uonapo lori likikata kona, simama mbali. Wewe waliona, lakini dereva huenda hakuoni.

MASWALI
1. Kwa nini daktari hutangulia mtahini?
2. Dereva ana herufi C, naye ataka kuvuta tela ya kilo 2,000. Amepungukiwa na nini?
3. Eleza hatari ya kusimama karibu na kona lori lipitapo.