Mwinamo wa Jino na Njia ya Kuufikia Mfereji wa Mzizi

Kila mwanafunzi wa Bukoba na Muleba amepata kuona kibanjani mgomba ulioinamishwa na uzito wa mkungu, ukategemezwa kwa mti wenye panda. Tuseme mtu ataka kupitisha chuma chembamba katikati ya shina lake, toka juu hata chini. Akikishika chuma wima, kitatokea ubavuni. Hana budi kukilaza kama shina lilivyolala. Kanuni hiyo hiyo humwongoza daktari wa meno atibupo mfereji wa mzizi.

Ndani ya jino mna kiini laini chenye neva na mishipa ya damu. Kiini hukaa katika chumba kilichomo ndani ya taji, kisha huendelea katika mifereji myembamba ya mizizi. Uozo ukikifikia, bakteria huingia, kiini hufa, na usaha huweza kukusanyika penye ncha ya mzizi. Hapo njia ni mbili: kung'oa jino, au kutoboa taji, kuondoa kiini, kusafisha mifereji na kuiziba.

Shida ni kwamba meno hayasimami wima. Meno ya mbele ya juu huelekea midomo. Magego ya chini huinamia ulimi kidogo. Tena, gego likisha kung'olewa na pengo likaachwa wazi, gego la nyuma yake huweza kulala polepole kuelekea pengo hilo.

Hebu tupige hesabu. Kosa la upande ni sawa na kina kuzidisha tanjenti ya pembe. Keekee ikikosea kwa nyuzi 15 na kuingia milimita 8, kosa ni 8 × 0.268, yaani milimita 2.1 hivi. Katika shingo ya jino, ambapo ukuta una unene wa milimita chache tu, hilo ni kosa kubwa. Keekee ikitoboa ukuta, bakteria hupata njia ya kufikia mfupa, na jino lililokusudiwa kuokolewa huweza kupotea.

Kwa hiyo daktari hupima kwanza katika picha ya eksirei. Picha ya kawaida huonyesha mwinamo wa mbele na nyuma, lakini si ule wa kuelekea ulimi au shavu. Huo huutafuta kwa jicho, na kwa kupapasa uvimbe wa mzizi juu ya ufizi. Hufanya hivyo kabla ya kufunika meno kwa kitambaa cha mpira, ambacho huficha alama hizo. Akiwa na shaka, husimamisha kazi na kupiga picha nyingine.

Tunajifunza kwamba jino moja likitolewa, jirani zake nao huweza kuathirika. Mwenye uozo asingoje maumivu ya usiku. Tundu dogo lizibwalo mapema halihitaji hesabu hizi.

Zoezi: Tafuta kosa la upande ikiwa pembe ni nyuzi 10 na kina ni milimita 8. Chora jino lililoinama, uonyeshe njia sahihi ya keekee na njia ya makosa.