Waziri Mkuu na Mkuu wa Mawaziri: Tofauti ni Ipi?

Majina haya mawili yanafanana masikioni, lakini kisheria ni vyeo tofauti. Mkaazi wa Athi River anayetaka maji yafike mtaani au barabara itengenezwe anahitaji kuijua tofauti hiyo, ili ombi lake lisiende kwa asiyehusika.

Cheo cha Waziri Mkuu kilitoka Uingereza, ambako Mfalme au Malkia ni kiongozi wa nchi na Waziri Mkuu ndiye anayeongoza serikali. Kenya iliurithi mfumo huo. Jomo Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu kuanzia Juni 1, 1963, siku ya Madaraka. Desemba 12, 1964 Kenya ikawa Jamhuri, Kenyatta akawa Rais, na cheo hicho kikafutwa.

Kilirejea baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mnamo Februari 28, 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mkataba wa kugawana mamlaka, mpatanishi akiwa Kofi Annan. Raila aliapishwa Aprili mwaka huo. Kazi yake kisheria ilikuwa kuratibu na kusimamia shughuli za serikali, zikiwemo za wizara. Rais hakuweza kumfuta kwa hiari yake. Bunge ndilo lililoweza kumwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani naye.

Katiba ya 2010 haikuweka cheo hicho, hivyo kilikoma baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Mwaka 2022, Rais William Ruto alimteua Musalia Mudavadi kuwa Mkuu wa Mawaziri. Huyu ni mmoja wa mawaziri. Humsaidia Rais kuratibu wizara, na Rais anaweza kumwachisha kazi kama waziri mwingine yeyote.

Je, mkaazi aanzie wapi? Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi:

• Maji, masoko, uzoaji taka, zahanati na barabara za mitaani ni kazi za kaunti. Aanzie kwa msimamizi wa wadi au mwakilishi wadi (MCA).

• Usalama, vitambulisho, shule za msingi na sekondari, na barabara kuu kama ile ya Mombasa ni kazi za Serikali ya Kitaifa. Aanzie kwa chifu au naibu kamishna wa kaunti.

Ombi likifika kwenye ofisi yenye jukumu hilo, mkaazi ana haki ya kuidai jibu.