Je, Kabonidayoksaidi Yaweza Kuzama Shimoni?

Atazamaye foleni ya malori mpakani Tunduma huenda akabuni mpango huu: molekuli ya kabonidayoksaidi ina uzito wa 44, na wastani wa hewa ni 29, basi na yachimbwe mashimo marefu, gesi izame humo, kisha yafukiwe. Wazo hili si la kuchekwa, ila lapasa kupimwa.

Katika joto la kawaida molekuli hizo hukimbia meta 400 hivi kwa sekunde, zikigongana na nyingine bila kikomo; kwa hiyo gesi iliyokwisha kuchanganyika haijitengi. Hata kama hewa ingetulia kabisa, gesi hiyo chini ya shimo la meta 100 ingezidi ile ya juu kwa asilimia 2 hivi tu. Tena lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.6 hivi, kiasi kilichomo katika zaidi ya meta za ujazo 3,000 za hewa!

Mazuku ya Kivu, yaani mabonde yauayo watu na mifugo, hayapingi hesabu hii. Humo gesi hutoka ardhini, ikatuama kama maji kabla haijachanganyika na hewa. Ndivyo ilivyo pia gesi ya Kyejo, huko Rungwe, mashariki ya Songwe: wanaoivuna huipokea itokapo ardhini, hawaingoji izame kutoka angani.