Kiti Kimoja na Majimbo Kumi na Mawili

Katika darsa hili twataka kulipima neno ambalo wengi hulisema barazani bila ya kulifikiri: kwamba wanawake wana kiti chao, basi vya wengine wasiviwanie. Mfano twautwaa Kakamega, nchi ya Nabongo Mumia, ambako wazee wetu wa pwani walifika zamani kwa misafara ya biashara.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 97, imeweka katika Bunge la Taifa wajumbe 290 wa majimbo, wanawake 47, mmoja kwa kila kaunti, na 12 wa kuteuliwa na vyama. Tangu mwaka 2013 Kakamega ina mjumbe wake mwanamke. Ama majimbo yake 12, mwaka 2017 na tena mwaka 2022, yote yalichagua wanaume. Mwanamke atakaye jimbo huambiwa, "Nenda kwenye kiti chenu." Na kiti hicho ndicho kizito, kwani huomba kura kaunti nzima, hali mwenziwe mwanamume azunguka jimbo moja tu.

Wala katiba haikumfungia huko. Sisi wa pwani tumeyaona: Bi Mishi Mboko alikuwa mjumbe wa wanawake wa Mombasa tangu 2013, na mwaka 2017 watu wa Likoni wakamchagua kuwa mbunge wao. Mwaka huo huo Bi Aisha Jumwa akatoka kiti cha Kilifi akashinda jimbo la Malindi.

Katika mabaraza ya kaunti, upungufu wa wanawake hujazwa kwa orodha za vyama. Njia hii yasaidia hesabu, lakini aingiaye kwa orodha jina lake li mikononi mwa wakubwa wa chama, na si wepesi kwake kuwapinga. Bungeni hata hiyo haipo: Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kutotunga sheria ya theluthi mbili, na halikuvunjwa.

Wako wanaoleta hoja ya dini. Siku ya Hudaibiya Mtume (S.A.W.) alilitwaa shauri la Bi Ummu Salama, na masahaba wakafuata. Hatusemi kisa hiki chamaliza khitilafu ya wanavyuoni juu ya uongozi. Twasema chamjibu yule adaiye kuwa rai ya mwanamke haina mahali katika mambo ya umma.