MACHOZI YA MWENZAKO NA UBONGO WAKO



Mwezi huu tujifunze habari ya jambo tunaloliona katika kila msiba. Kwa nini machozi ya mtu mwingine hutugusa upesi hivyo? Na kwa nini neno la kwanza kututoka mara nyingi ni "Nyamaza, usilie"?

1. Machozi ni ishara.
Mwaka 2009 Profesa Robert Provine na wenzake, huko Marekani, walichukua picha za watu wanaolia, kisha katika nakala zake wakayafuta machozi tu. Nyuso zile zile, zilipokosa machozi, zilionekana kuwa na huzuni kidogo zaidi. Nyingine zilidhaniwa kuwa za watu wenye mshangao au mawazo. Mwaka 2013 wataalamu wa Uholanzi walionyesha nyuso kwa muda wa sehemu ya 20 ya sekunde moja. Hata kwa muda mfupi hivyo, penye machozi watazamaji waliitambua huzuni upesi zaidi, tena waliona kwamba mtu yule anahitaji msaada.

2. Uchungu wake huingia kwako.
Mwaka 2004 huko London, Tania Singer na wenzake waliwapima ubongo wanawake 16, kila mmoja akiwa na mpenzi wake karibu. Mara mwanamke aliumizwa mkononi kwa umeme, mara mwanamume. Sehemu ya ubongo iitwayo insula ilifanya kazi mwanamke alipoumia mwenyewe, na pia alipojua kwamba mwenziwe anaumia. Lakini sehemu zinazotambua ni mahali gani pa mwili panapouma ziliamka alipoumia yeye tu. Basi tunashiriki uchungu wa mwenzetu, lakini si wote.

3. Kushiriki uchungu si kusaidia.
Miaka iliyofuata, Singer na Olga Klimecki waliwaonyesha watu filamu za wenye mateso. Waliofundishwa kushiriki uchungu walizidi kulemewa. Walipofundishwa baadaye kuwatakia mema wenye mateso, walipata nguvu, na sehemu nyingine za ubongo zikafanya kazi.

Hapa ndipo penye somo letu. Machozi ya mfiwa hutuumiza nasi, nasi twataka maumivu hayo yaishe. Tunaposema "Nyamaza", tujiulize: tunamtafutia nani raha, yeye au sisi? Anayemtakia mema mwenzake aweza kuketi naye, akampa pole, akamletea maji, akamwacha alie; na matanga yakiisha, akarudi kumwona.

Tuwafikirie pia watoto wetu wa kiume, wanaoambiwa tangu wadogo kwamba mwanamume halii. Tumekwisha kuona kuwa uso usio na machozi huweza kusomwa vibaya. Kijana aliyefundishwa kuficha machozi ameondolewa ishara ambayo ingewaita watu kumsaidia. Tutamwona, tutadhani ana mawazo tu, nasi tutampita.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:
(a) Katika msiba wa karibuni, tulimwambia mfiwa maneno gani? Yalimsaidia nani?
(b) Mtoto wa kiume akilia nyumbani kwetu, hujibiwa nini?
(c) Ni nani kati ya jirani zetu aliyefiwa, naye hatujamwona akilia? Nani atakwenda kumwamkia juma hili?