Kabla Hujamkabidhi Fundi Ufunguo: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Ufipa

Anayenunua gari jipya kwa wakala Dar es Salaam hukabidhiwa kitabu cha huduma pamoja na dhamana ya kampuni, ambayo mara nyingi ni ya miaka 3 au kilomita 100,000, kitakachotangulia kufika. Akishapita Tunduma na Laela na kuingia Sumbawanga, karakana iliyompa dhamana hiyo imebaki zaidi ya kilomita 1,000 nyuma yake. Mbeya nako ni zaidi ya kilomita 300. Na huyo ndiye mwenye nafuu. Wengi wetu tunaendesha magari yaliyotumika Japani kwanza, yakaja kwa meli, yakapita mikono miwili mitatu kabla ya kupanda Ufipa. Hayo hayana dhamana ya mtu.

Watu huuliza kama karakana ya wakala inaaminika kuliko gereji ya mtaani. Jibu langu ni kwamba zipo kazi ambazo lazima zifanywe na wakala. Katika kazi nyingine zote, jengo zuri na mafundi wenye sare havikuhakikishii kitu. Kinachokulinda ni namna mlivyokubaliana, nani anapata faida kwenye spea, na kama umeona kwa macho yako kilichotolewa na kilichofungwa.

Nianze na kazi za wakala. Gari lililo ndani ya dhamana lihudumiwe kwa masharti ya dhamana, la sivyo siku injini ikigoma utaambiwa kitabu hakina mihuri. Kwa hiyo kabla hujalipia gari jipya, uliza ni gereji ipi iliyo karibu na Rukwa ambayo wakala anaitambua, na jibu lake alitoe kwa maandishi. Halafu kuna mifuko ya hewa, ile inayofumuka gari likigonga. Mamilioni ya magari duniani, yakiwemo ya Toyota, Honda na Nissan, yaliitwa yarudishwe kwa sababu ya mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani. Joto na unyevu wa miaka mingi viliharibu baruti iliyomo, na baadhi ya mifuko ilipopasuka ilirusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Takata yenyewe iliomba kufilisiwa mwaka 2017. Gari la mtumba linaweza kuwa miongoni mwa hayo na mwenye nalo asijue. Chukua nambari ya chasi, ipeleke kwa wakala au iangalie kwenye tovuti ya kampuni iliyolitengeneza. Usikubali fundi yeyote wa kijiweni aufungue mfuko huo. Ufunguo wa kielektroniki na kompyuta ya gari pia ni kazi za wenye vifaa vya kampuni.

Zaidi ya hapo, usilale usingizi kwa sababu bango ni la kampuni kubwa. Mwaka 1992, huko California, Marekani, serikali ya jimbo ilitaka kuvifutia leseni vituo vya magari vya kampuni maarufu ya Sears. Wakaguzi walikuwa wamepeleka magari kimyakimya, kasoro zake wakizijua, na mara nyingi wakatozwa kwa kazi ambayo haikuhitajika. Waliompokea mteja pale mapokezi walikuwa wanalipwa kamisheni kwa kila breki, shokapu na springi waliyouza, tena wamewekewa kiwango cha kufikisha. Baada ya kashfa hiyo kampuni ikaufuta utaratibu huo wa malipo. Kwa hiyo mtu akikuorodheshea mambo kumi ya kubadilisha, awe wa karakana ya wakala au wa chini ya mwembe, jiulize analipwaje.

Kwetu jambo hilo lina sura yake, linaitwa cha juu. Wenye magari wengi hawataki kulipia upimaji. Fundi akishinda nusu siku akitafuta mlio, tunampa ahsante na kuondoka. Naye ana watoto. Basi anafidia kwenye spea: anakutajia bei ya duka, duka linamrudishia chake, na kifaa kibovu kidogo kinageuka kuwa kifaa kilichokufa. Nalaumu tabia hiyo, lakini nawalaumu pia wateja tuliojenga soko la namna hiyo. Dawa yake inajulikana: upimaji uwe na bei yake, mkubaliane kabla, umlipe hata kama gari halina tatizo. Ukishampa haki yake ya kupima, una haki ya kwenda mwenyewe dukani.

Unapompelekea fundi gari, mweleze dalili, usimtajie kifaa. Ukisema, “Fundi, nibadilishie pedi,” atabadilisha pedi, na mtetemo ukibaki si kosa lake. Sema hivi: “Fundi, nikishuka mlima nikakanyaga breki, usukani unatetemeka, kwenye tambarare umetulia.” Panda naye gari, mwende pamoja mpaka ausikie mtetemo. Fundi anayekataa kulijaribu gari kabla ya kutaja ugonjwa, mshukuru uondoke.

Siku hizi kuna mashine ya kupima gari, na wengi wanaiamini kama hukumu ya jaji. Mashine haisemi kifaa gani kimekufa. Inataja mfumo unaolalamika. Msimbo P0171, kwa mfano, unasema injini inapata hewa nyingi mno ikilinganishwa na mafuta. Chanzo kinaweza kuwa bomba la hewa lililopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka, au pampu ya mafuta iliyochoka. La kwanza ni la bei ndogo, la mwisho ni la bei kubwa. Omba uandikiwe msimbo wenyewe, kisha umuulize fundi amepima nini baada ya kuusoma.

Yapo pia mambo machache ya gari lako mwenyewe ambayo ukiyajua hudanganywi kirahisi. Toyota IST, Vitz na Probox nyingi za mjini zina injini za 1NZ au 2NZ, na injini hizo zinatumia mnyororo wa taimingi. Fundi akikwambia mkanda wa taimingi wa IST yako umefika muda, huyo ama hajui au anakuibia. Kwa upande mwingine, Land Cruiser zenye injini ya 1HZ na Prado za 1KZ zina mkanda, ambao kwa kawaida hubadilishwa takribani kila kilomita 100,000, na huo usiuchezee kwa kubana matumizi. Ukinunua gari la mtumba na hakuna kumbukumbu, chukulia haujabadilishwa. Gia boksi za CVT, zilizomo katika Premio na Allion za miaka ya karibuni na Nissan nyingi, zina oili yake. Zikimiminiwa ATF, ile oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida, mwenye gari atanunua gia boksi nyingine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mafundi wa pwani hawalijui vizuri kama wetu, nalo ni ardhi yenyewe. Sumbawanga iko kwenye kimo cha kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika yako chini yetu kwa mita 1,000 hivi. Kila anayekwenda Muze kwa barabara ya Ntendo, au Kasanga kupitia Matai, au Kirando kupitia Namanyere, anashuka ukuta wa bonde, na akirudi anaupanda, mara nyingi akiwa na magunia ya mpunga au samaki. Gari linaloishi hivyo hufa kwa breki na kwa kuchemsha.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani kadiri muda unavyokwenda. Ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi. Yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu breki zinapata moto, mafuta yanachemka, mvuke unajaa kwenye mabomba, na pedali inazama mpaka chini bila kushika. Dereva atakwambia breki zilikatika ghafla, kumbe ziliachwa miaka minne bila kubadilishiwa mafuta. Yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na kopo lifunguliwe mbele yako, kwa sababu kopo lililokaa wazi rafuni limeshanyonya unyevu wake. Tena mteremko ushukwe kwa gia ndogo tangu juu. Fundi akikuongezea mafuta tu bila kutafuta yalikopungulia, hajakutengenezea gari.

Kuhusu kuchemsha, katika kimo chetu maji ya kawaida huchemka kwa takribani nyuzi 94 badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni shinikizo, na shinikizo linashikwa na kofia ya rejeta. Kofia hiyo ni kifaa cha bei ndogo kuliko karibu vyote, na ndiyo inayopaswa kukaguliwa kabla hujaambiwa silinda hedi imepinda. Ipo tabia imeenea sana ya kuchomoa thamostati kila gari linapochemsha. Naipinga kwa nguvu zote. Asubuhi za Juni na Julai hapa ni za baridi kali. Injini isiyo na thamostati haifiki joto lake, inakunywa mafuta na kuchakaa upesi, na sababu ya kuchemsha imebaki palepale. Maji matupu ya bombani nayo yanaleta kutu ndani ya injini. Weka kulanti.

Kwenye spea ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Dukani utasikia OG, yaani kifaa halisi, feki na mtumba kutoka Japani. Sidharau mtumba. Kwa vifaa kama kioo, taa au mlango, mtumba wa Japani ni bora kuliko kipya kisichojulikana kilikotoka. Lakini pedi za breki, mikanda, bushi na boljointi nunua mpya, ukitumia nambari ya chasi ili upate inayolingana na gari lako. Oili ya injini inachakachuliwa sana: kagua mfuniko na utepe wake, imiminwe mbele yako, na kopo tupu ulitoboe au uondoke nalo ili lisijazwe tena. Kifaa cha zamani ni chako. Tangu mwanzo sema, “Fundi, vyote vitakavyotoka viwekwe kwenye boksi langu.” Sentensi hiyo moja inazuia wizi mwingi, maana fundi hawezi kukutoza pedi mpya halafu akashindwa kukuonyesha za zamani.

Utamjuaje fundi wa kweli? Chuo cha VETA kipo hapa Rukwa, na VETA pia hupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini bila kupita darasani. Muulize cheti, mwenye nacho huonyesha kwa fahari. Asiye nacho anaweza kuwa hodari pia. Hii ni nchi ambayo wazee wake waliyeyusha chuma kwenye matanuri marefu ya udongo kabla ya gari la kwanza kufika, na ujuzi wa kurithishana mkono kwa mkono si wa kubezwa. TEMESA, wakala wa serikali ulioanzishwa mwaka 2005, una karakana mikoani, lakini kazi kuu ya karakana hizo ni magari ya umma.

Kabla kazi haijaanza, andikeni. Karatasi ya daftari inatosha: kilomita zilizosomeka, dalili ulizoeleza, kazi mliyokubaliana, bei ya ufundi na bei ya spea kila moja peke yake, siku ya kulichukua gari, na kwamba hakuna kinachoongezwa bila kukupigia simu. Wote wawili muweke sahihi. Piga picha dashibodi, betri, matairi na redio. Malipo ya awali yasizidi gharama ya spea. Ukimaliza, dai risiti ya mashine ya EFD kwa duka na gereji iliyosajiliwa; bila risiti huna ushahidi wa malipo, na kutodai risiti nako ni kosa kisheria.

Ikitokea umetapeliwa, rudi kwanza gerejini na karatasi yako na boksi lako, ukiwa na mtu mzima wa kushuhudia. Ikishindikana, afisa biashara wa Manispaa au halmashauri yako ndiye mlango wa karibu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko hayo pamoja na ya bidhaa bandia. Spea isiyofikia kiwango ipelekwe Shirika la Viwango, TBS. Deni linalotokana na makubaliano unaweza kulipeleka Mahakama ya Mwanzo, na hapo ndipo ile karatasi ya daftari inapokuwa na thamani kuliko maneno yote.

Na ukimpata fundi anayeandika, anayekurudishia spea za zamani, na anayethubutu kusema, “Bosi, hii siiwezi, ipeleke Mbeya,” mlipe kwa wakati, usimkamue bei, na uwaelekeze majirani kwake.